Mama wa Nabii Musa na Amana ya Tumbo: Malezi ya Kafala katika Historia Yetu

(Mhadhara wa kumi la pili la Ramadhani, uliotolewa ukumbini baada ya sala ya Tarawehe. Umeandikwa kutoka katika sauti iliyorekodiwa, na marudio yamepunguzwa.)

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, anayekijua kilichomo katika matumbo ya uzazi kabla mama mwenyewe hajakijua. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, aliyezaliwa yatima akalelewa na wengi, na ziwafikie ahali zake na masahaba zake.

Usiku huu tumechagua mada ambayo haisikiki mara nyingi mimbarini. Tunataka kuzungumza na mama mja mzito ambaye moyo wake umo katika fikira ya kumkabidhi mwanawe kwa nyumba nyingine ili akalelewe huko. Huenda ni mwanafunzi aliyekuja nchi hii peke yake. Huenda ni mjane, au mke aliyeachwa mimba ikiwa changa, au mgonjwa ambaye tayari ana watoto wanne na hana nguvu ya wa tano. Hatuulizi jina lake, wala hatuulizi mimba imepatikana vipi. Mola wake anajua, na yatosha. Tunalolijua sisi ni kwamba yupo, katika kila jumuiya iliyo mbali na kwao, na kwamba mara nyingi anaibeba mimba hiyo katika kimya kizito kuliko mimba yenyewe.

Wazee wetu walisema: kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Basi mwanamke anayekaa usiku na kujiuliza, kabla mtoto hajazaliwa, ni nani atakayeweza kumlea vyema, huyo ameshaanza kazi ya ulezi. Hakumtupa mtoto. Anamfikiria.

Tumeazimia kuthibitisha mambo matatu kwa njia ya historia. La kwanza, kwamba kumkabidhi mtoto kwa mlezi si jambo geni wala si aibu katika dini yetu. Limo ndani ya Qur'ani na ndani ya sira ya Mtume. La pili, kwamba dini haikuliacha hivi hivi, bali imeliwekea mipaka inayomlinda mtoto na nasaba yake. La tatu, kwamba hata nchi hizi tunazoishi zimepita katika historia chungu kabla ya kuzifikia sheria zilizopo leo, na kwamba katika sheria hizo Mwislamu ana mlango wa kuingilia.

MAMA WANNE

Tuanze na mama wa Nabii Musa (A.S.). Kisa chake kimo katika Suratul Qasas. Firauni alikuwa akiwachinja watoto wa kiume wa Bani Israil. Mama huyu alipewa ilhamu amnyonyeshe mwanawe, na atakapomhofia amtie mtoni, asiogope wala asihuzunike. Akamtia. Watu wa Firauni wakamwokota, na mke wa Firauni akaomba asiuawe, kwa kutaraji kwamba huenda akawafaa au wakamfanya mwana.

Tuzingatie mambo mawili katika kisa hiki. Qur'ani haikuficha uchungu wa mama huyu. Inatueleza kwamba moyo wake ulibaki mtupu, na kwamba alikaribia kuidhihirisha siri yake lau Mwenyezi Mungu asingeutia nguvu moyo huo. Kwa hiyo mama anayelia baada ya kumkabidhi mwanawe hajapungukiwa imani. Amelia kama alivyotaka kulia mwanamke aliyepewa ahadi na Mola wake. Jambo la pili ni dada yake Musa. Mama alimwambia amfuate nduguye, naye akamtazama kwa mbali bila ya watu kutambua. Mtoto akakataa maziwa ya wanyonyeshaji wote, ndipo dada akajitokeza kuwaonyesha nyumba itakayomlea. Musa akarejea kifuani kwa mama yake. Alikulia katika kasri, lakini uzi baina yake na kwao haukukatwa, wala hakuacha kuwa mwana wa Bani Israil.

Mama wa pili ni mke wa Imran, ambaye wafasiri humwita Hanna. Huyu, kama tunavyosoma katika Suratu Aali Imran, aliweka nadhiri mimba ikiwa bado tumboni: kile alichokibeba kitakuwa wakfu kwa Mola wake. Akazaliwa Maryam. Watu wema wakagombea kumlea hata wakatupa kalamu zao kupiga kura, na Zakariya (A.S.) ndiye aliyepewa ulezi. Ndugu zetu, neno lililotumika hapo kwa ulezi wa Zakariya limetoka katika shina lile lile la neno kafala, ambalo ndilo jina la ulezi huu katika fiqhi hadi leo. Na mtoto aliyekuwa chini ya kafala hiyo ni nani? Ni mwanamke bora wa zama zake. Asije mtu akatuambia kwamba mtoto aliyelelewa nje ya nyumba ya wazazi wake ni mtoto aliyepunguka.

Mama wa tatu ni Bibi Amina bint Wahb. Kwa kauli iliyo mashuhuri, mumewe Abdullah alifariki Yathrib, na Amina alikuwa bado na mimba. Akajifungua mjane, na akamtoa mwanawe kwa Bi Halima wa Bani Saad, kwa desturi ya watu wa Makka ya kuwapeleka watoto wachanga jangwani. Wanasira wanatueleza kwamba wanyonyeshaji wengine walisita kumchukua kwa kuwa ni yatima, hana baba wa kulipa ujira mzuri. Halima hakupata mwingine, akamchukua huyo. Mtoto yule aliyesitiwa ndiye rehema kwa walimwengu.

Tazameni ni mikono mingapi iliyomlea Mtume wetu (S.A.W.). Mama yake alifariki Abwaa alipokuwa na umri wa miaka 6, na Ummu Ayman ndiye aliyemrejesha Makka. Babu yake Abdul Muttalib akamlea hadi umri wa miaka 8, kisha ami yake Abu Talib na mkewe Fatima bint Asad. Na aliyelelewa akalea: Makka ilipopatwa na ukame na Abu Talib akaelemewa na watoto wengi, Mtume alimchukua Ali nyumbani kwake. Baada ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra, alipoletewa Shaymaa, binti Halima, aliyekuwa dada yake wa kunyonya, alimtandikia nguo yake aikalie. Miaka mingi ilikuwa imepita, lakini fadhila ya ziwa haikusahauliwa.

Mama wa nne ni Bibi Maryam mwenyewe. Hatumfananishi mtu yeyote naye, kwani yeye ametakaswa kwa ushahidi wa Qur'ani. Lakini Qur'ani imetuonyesha mwanamke peke yake, uchungu wa uzazi umemfika chini ya mtende, akitamani lau angelikufa kabla ya siku hiyo na akasahaulika kabisa. Jawabu lililomjia halikuwa lawama. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji ya kunywa na tende mbivu za kula, na jicho lake litulie. Watu ndio waliotanguliza lawama. Mola wake alitanguliza chakula, maji na faraja. Naye Bibi Maryam alimlea mwanawe mwenyewe, na tunalitaja hilo makusudi. Anayefikiri kumkabidhi mtoto asidhani kwamba hana njia nyingine. Mara nyingi kinachomkosesha mama kumlea mwanawe ni kodi ya nyumba, au kukosa mtu wa kumshikia mtoto saa za kazi, au hofu ya maneno ya watu. Hayo ni mambo ambayo jumuiya inaweza kuyaondoa, na ni wajibu wetu kuanza hapo.

JINA LA BABA HALIFUTWI

Sasa tuingie katika mipaka. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na mwana wa kupanga: mtu humchukua mtoto wa mwingine, humpa jina lake, akawa mwanawe katika kila kitu. Zayd bin Haritha wa kabila la Kalb alitekwa akiwa mdogo, akauzwa, akafikia mikononi mwa Bibi Khadija, naye akamtunuku Mtume. Baba yake alimtafuta hadi akampata Makka na akataka kumkomboa. Mtume akampa Zayd hiari, na Zayd akachagua kubaki. Hapo Mtume alimtangaza kuwa ni mwanawe, na watu wakamwita Zayd bin Muhammad.

Kisha zikateremka aya za Suratul Ahzab, ya 4 na ya 5, kwamba maneno ya vinywa hayamfanyi mtoto wa kupanga kuwa mwana wa damu, na kwamba watoto waitwe kwa baba zao. Na wasipojulikana baba zao, basi hao ni ndugu zetu katika dini na marafiki zetu. Zayd akarejea kuitwa Zayd bin Haritha.

Wapo wanaoifahamu hukumu hii kana kwamba Uislamu umekataza kulea mtoto wa mwingine. Sivyo. Kilichokatazwa ni kufuta nasaba, si kupenda wala kulea. Zayd hakufukuzwa nyumbani, wala hakuondolewa katika moyo wa Mtume. Yeye ndiye sahaba pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'ani. Aliongoza jeshi la Mu'ta mwaka wa 8 wa Hijra na akafa shahidi huko, na mwanawe Usama alipewa uongozi wa jeshi angali kijana. Jina lilirejea kwa Haritha. Mapenzi yalibaki pale pale.

Na ambaye baba yake hakujulikana? Tunaye Salim, aliyejulikana kwa jina la Salim maula wa Abu Hudhayfa. Hakutajwa kwa ukoo wa baba, lakini aliwasalisha Muhajirina wa mwanzo kwa sababu ya wingi wa Qur'ani aliyoihifadhi, na akauawa shahidi Yamama. Hakuna aliyesimama nyuma yake akauliza baba yake ni nani. Basi iwapo Muhajirina walisimama safu nyuma ya Salim, sisi ni nani hata tumnong'onee mtoto wa madrasa yetu?

Na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, nasaba yake katika fiqhi ni ya mama yake, naye humrithi mama na mama humrithi yeye. Dhambi, ikiwa ipo, haimhusu. Qur'ani imekariri katika sura zaidi ya moja kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Mtoto mchanga hana mzigo wowote.

Kutokana na asili hizi, wanazuoni walipanga hukumu za kafala. Mtoto hubaki na jina lake la asili. Hamrithi mlezi kwa nasaba, lakini mlezi anaweza kumpa atakacho katika uhai wake, na anaweza kumwusia hadi thuluthi ya mali yake. Mali ya mtoto mwenyewe ni amana isiyoguswa ila kwa maslahi yake. Na kwa kuwa hajawa mwana wa damu, atakapobaleghe hukumu za mahramu na stara humhusu, ila kukiwa na undugu wa kunyonya. Hapa ndipo mama zetu wa pwani walipokuwa na hekima kubwa: mtoto aliyeletwa mchanga alinyonyeshwa na mama mlezi, au dada wa mlezi, naye akawa mwana wa ziwa. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, sharti ni manyonyo 5 yaliyo kamili ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Walezi wanaotarajia mtoto mchanga na walizungumze jambo hili na mashekhe na wakunga mapema, kabla mtoto hajafika, kwani wakati wake ukipita haurudi.

KITOTO CHA SUNAYN

Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba katika ukhalifa wa Umar bin Khattab, mtu wa Bani Sulaym aitwaye Sunayn, Abu Jamila, alimwokota mtoto aliyetupwa, akampeleka kwa Umar. Umar alimhoji kwa nini amemchukua. Akasema alimkuta anaangamia. Mkuu wa watu wake akashuhudia kwamba ni mtu mwema. Umar akahukumu: mtoto ni huru, ulezi ni wa yule aliyemwokota, na matumizi yake ni juu ya Waislamu.

Hukumu hii ni fupi, lakini imebeba mfumo mzima. Mlezi anachunguzwa kabla ya kukabidhiwa. Mtoto anahesabiwa kuwa huru hata kama haijulikani ametoka wapi, ili asije mtu akadai kummiliki. Na gharama haiachwi juu ya mabega ya mlezi peke yake. Kutokana na riwaya kama hizi, mafakihi waliandika mlango kamili wa mtoto wa kuokotwa, wakasema kumchukua ni fardhi ya kutosheleza: asipojitokeza hata mmoja, wote wana dhambi. Sisi tunaofutarisha mamia ya watu ukumbini humu tunajua maana ya fardhi kifaya katika jeneza. Tuijue pia katika utoto.

AGANO LA WANAWAKE WAWILI UNGUJA

Tusogee sasa kwetu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na ambaye baadaye alijulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 habari ya agano baina ya mama yake, Jilfidan, na Sara, mama wa Sayyid Majid na dada yake Khaduj. Wote wawili walikuwa Wacherkasi, masuria katika nyumba ya Sayyid Said, mbali mno na kwao. Walikubaliana kwamba atakayetangulia kufa, aliyebaki atakuwa mama wa watoto wa mwenzake. Sara akatangulia. Watoto wake hawakuwa wachanga tena, lakini Jilfidan alilitimiza agano: Majid alipopewa nyumba yake ya Bet il Watoro, alihamia huko pamoja na Salme, akawa mama wa nyumba ile. Majid huyo ndiye aliyekuja kuwa Sultani wa Unguja kuanzia 1856.

Tunakitaja kisa hiki kwa sababu hali ya wanawake wale inafanana na yetu kwa jambo moja: hawakuwa na mama, wala dada, wala shangazi katika nchi ile. Walipokosa ukoo, waliujenga kwa ahadi. Na huko kwetu, katika mitaa ya Lamu na Mombasa, ya Tanga na Pemba, ya Muskat kwa jamaa zetu waliorejea Omani, ni nadra kuikuta nyumba ya zamani isiyokuwa na mtoto wa kulelewa: mjukuu aliye kwa bibi, mtoto wa dada aliyepelekwa kwa mama mkubwa asiyejaaliwa kizazi. Hapakuwa na karatasi, na hapakuwa na siri. Mtoto alimjua aliyemzaa na alimjua aliyemlea, na Idi aliibusu mikono ya wote wawili.

Desturi hiyo sasa imeanza kuingia katika vitabu vya sheria. Kenya, katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, imeitambua kafala kwa jina lake. Na kabla ya hapo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 20, uliitaja kafala ya sheria ya Kiislamu kuwa ni mojawapo ya njia za kumpatia malezi mtoto asiyeweza kubaki na wazazi wake.

HISTORIA YA HUKU TULIKO

Katika nchi za Magharibi mambo yalichukua njia nyingine. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha sheria ya kuasili watoto mwaka 1851. Uingereza na Wales zilipata yao ya kwanza mwaka 1926. Kuasili kwa sheria hizo kunahamisha uzazi wote kisheria: mtoto huhesabiwa kana kwamba amezaliwa na walezi, na uhusiano wa sheria na wazazi wa damu hukatika.

Katika kivuli cha sheria hizo yalipita maumivu makubwa. Kamati ya Pamoja ya Haki za Binadamu ya Bunge la Uingereza, katika ripoti yake ya mwaka 2022, ilieleza kwamba baina ya 1949 na 1976 takriban watoto 185,000 wa mama wasioolewa walichukuliwa na kuasiliwa katika Uingereza na Wales. Wengi wa mama hao walikuwa wasichana wadogo, walioambiwa na familia zao, na wahudumu wa dini, na wahudumu wa afya kwamba hawana hiari. Kilichowanyang'anya watoto wao kilikuwa ni aibu. Serikali ya Australia iliomba radhi kwa jambo kama hili tarehe 21 Machi 2013, na Scotland tarehe 22 Machi 2023.

Na wale watoto, walipokua, waliuliza swali lile lile ambalo Suratul Ahzab ilikwishalijibu: mimi ni mwana wa nani? Sheria ya mwaka 1975 ndiyo iliyowapa watu wazima walioasiliwa, katika Uingereza na Wales, haki ya kuiona habari ya kuzaliwa kwao. Ilichukua karibu nusu karne tangu 1926 kukiri kwamba binadamu ana haki ya kujua asili yake. Hatusemi haya kwa kujigamba. Tunayasema ili tusiyarudie, kwani aibu ina lugha zote, na Kiswahili ni mojawapo.

Kutokana na masomo hayo, zipo leo kinga ambazo mama mja mzito anapaswa kuzijua. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili baina ya nchi na nchi unataka idhini ya mama, pale inapohitajika, itolewe baada ya mtoto kuzaliwa tu. Katika Uingereza na Wales, idhini ya mama iliyotolewa kabla ya wiki 6 tangu kujifungua haina nguvu. Marekani muda hutofautiana jimbo kwa jimbo. Kwa hiyo ahadi aliyoitoa mama akiwa na mimba, hata kwa jamaa aliowapenda, haimfungi huku Uingereza. Ana haki ya kumwona mwanawe, kumshika, na kubadili nia.

Tena upo mlango ulio karibu na kafala. Tangu tarehe 30 Desemba 2005, mahakama za Uingereza na Wales zinaweza kutoa amri ya ulezi maalumu. Mlezi hupata mamlaka ya kumlea mtoto mpaka afike miaka 18, lakini uhusiano wa kisheria na wazazi wa damu haukatiki, na jina la ukoo la mtoto halibadilishwi ila kwa idhini ya mahakama au ya kila mwenye mamlaka ya uzazi juu yake. Familia ya Kiislamu inayotaka kulea bila ya kufuta nasaba na imuulize mwanasheria kuhusu njia hii.

Na hapa tunatoa tahadhari. Kwetu neno shangazi ni pana, na mama mdogo ni wengi. Binamu wa baba ni shangazi, na rafiki wa mama ni mama mdogo. Sheria ya Uingereza haihesabu hivyo. Mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiyekuwa bibi, babu, kaka, dada, ami, mjomba, shangazi au khalati wa karibu, au mzazi wa kambo, ni lazima halmashauri ya mji ijulishwe. Kumpitisha mtoto kimyakimya kutoka nyumba hadi nyumba, hata kwa nia njema, kunaweza kuwatia matatani mama na mlezi, na mtoto akachukuliwa na kupelekwa kwa watu wasiomjua Mola wake wala lugha yake.

WASIA

Kwako wewe mama tuliyeanza nawe. Ukiamua kumlea mwanao, hilo ni jambo tukufu, na tuombe haki yako kwetu bila ya kuona haya. Ukiamua kumkabidhi, usijiite msaliti. Mama wa Musa hakuwa msaliti. Chagua nyumba kama Umar alivyochunguza, kwa ushahidi wa watu wanaoijua, si kwa mali yake. Sharti ziandikwe: jina la mtoto lisibadilishwe, aambiwe ukweli tangu utotoni, na uwepo uzi kama ule wa dada yake Musa, iwe ni barua, picha, au ziara ya Idi. Mwandikie mwanao waraka kwa mkono wako, umweleze kwao ni wapi na kwa nini uliamua hivyo. Usitie saini karatasi usiyoifahamu lugha yake. Mwambie mkunga wako mapema, kwani nchi hizi zina wakalimani hospitalini, na kumwambia mkunga si kujifedhehesha.

Kwenu walezi, hasa mliongoja kizazi kwa miaka. Mtume (S.A.W.) aliashiria kwa vidole vyake viwili kuonyesha ukaribu wake na mlezi wa yatima peponi, na wanazuoni wanasema mtoto asiyekuwa na mlezi yumo katika maana hiyo. Lakini mjue mnapokea amana, hamnunui mtoto. Mama aliyezaa asiwe siri ndani ya nyumba yenu, wala asiwe jina la kutishia mtoto anapokosa adabu.

Na kwetu sote, jumuiya. Tukitaka mama huyu aje kwetu kabla hajakata tamaa, ni lazima mlango wetu uwe laini kuliko hofu yake. Fedha tunazozichanga Ramadhani hii, sehemu yake iende kwa nepi na maziwa, kwa kodi ya miezi mitatu ya mama aliyejifungua, kwa ada ya mwanasheria wa familia inayolea. Zaka ina mafungu yake 8, na maskini na mwenye deni wamo humo. Sadaka haina mpaka. Na ndimi zetu, ambazo tumezifunga kwa chakula tangu alfajiri, tuzifunge pia kwa habari za tumbo la mwanamke.

Ewe Mola wetu, uliyeurejesha moyo wa mama wa Musa katika utulivu, utulize moyo wa kila mama mwenye mimba usiku huu. Uliyemkubali Maryam kwa ulezi mwema, wape watoto wetu walezi wema. Uliyempata Mtume wako yatima ukampa makazi, usimwache mtoto yeyote bila ya makazi, na utujaalie sisi tuwe ni sababu ya makazi hayo. Zitakabali saumu zetu na sala zetu, uwarehemu waliotulea, waliotuzaa na wasiotuzaa. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.